Barua ya wazi kwa dada yangu: mwache binti amsubiri mwenzake

Shikamoo dada.

Nimeambiwa kwamba ulimwita mjukuu wetu uani, ukamkalisha jamvini, ukamshauri airudishe posa ya yule kijana aliyepelekwa kulinda amani Kongo, kwa hoja kwamba msichana hawezi kumngojea mtu anayelala handakini. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu huwa unanikata maneno, kisha unaanza kulia, nami nanyamaza. Kwa hiyo naandika, na mwanangu atayaweka haya mtandaoni wanaposoma watoto wako wote, ili asitokee wa kukusomea nusu.

Sijasahau kwamba ni wewe uliyenilea. Novemba 1978, siku chache baada ya Mwalimu kusema redioni kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, ni wewe uliyenifungia korosho za kukaanga kwenye kipande cha kanga yako, ukanisindikiza bila kutoa chozi hata moja mbele ya mgambo wenzangu. Yule msichana niliyemposa, wa Kitunda ng'ambo ya maji, hakuweza kuvuka kuja kuniaga, kwa sababu mjomba wake alikuwa bado hajatupa jibu, na kwa desturi yetu unajua kwamba neno la mjomba ndilo linalofunga au kufungua. Ndiyo maana nilikukabidhi wewe jambo langu lote.

Kambi yetu ilikuwa upande wa kusini wa mto Kagera, karibu na Kyaka, ambako daraja lilikuwa limekwisha kulipuliwa na majeshi ya Amin. Sisi watu wa pwani hatukuwa tumewahi kujua baridi ya namna ile. Maji yalijaa handakini hadi vifundoni, tukala ugali na maharage tumesimama, na baada ya lindo kila mmoja alimsimulia mwenzake habari za mtu aliyemwacha nyumbani, hata nikawajua wachumba wa Nachingwea na Masasi ambao sijapata kuwaona mpaka leo. Nilikuandikia barua tatu juu ya kifuniko cha sanduku la risasi: ya Novemba, ya Desemba na ya Januari. Kila bahasha ilikuwa na karatasi mbili, moja yako na moja yake. Katika ya Januari nilitia punje ya buni. Bibi mmoja wa Kihaya alikuwa amenipa buni la kutafuna lenye punje mbili ndani ya ganda moja, akaniambia kwamba hizo hugawana watu waliofunga urafiki usiovunjika. Moja nikampelekea yule wa Kitunda, nyingine nikaiweka mfukoni.

Sasa nije kwenye lile ambalo sijaweza kulimeza. Niliporudi mwishoni mwa 1979 nilimkuta ameolewa, na mjomba wake akaniambia kwa kinywa chake kwamba wakati wa masika, Kampala ikiwa imekwisha kuanguka na watu wakishangilia barabarani, alikuja kukuuliza kama mimi ni mzima, nawe ukamjibu kwamba tangu niondoke hamjapata hata mstari mmoja. Wiki ile ile, nikitafuta wembe katika kikapu chako cha ukindu, nilizikuta karatasi zake tatu. Zako hazikuwamo. Zake zilikuwa zimekunjwa kwa mikunjo yangu mwenyewe, na ile ya tatu nilipoipapasa, nilikuta punje bado imo. Ulikuwa umehitimu kisomo cha watu wazima, dada. Zako ulizisoma.

Uliponijibu ulisema uliogopa kumfunga mtoto wa watu kwa maiti. Ukaongeza kwamba hata mimi nilinyamaza tangu Januari. Ni kweli nilinyamaza, lakini wewe hukuwapo. Tulikuwa tunatembea kwa miguu, na Machi 10 pale Lukaya, ndani ya Uganda, ambapo brigedi yetu ya 201 ilikuwa na mgambo wengi kuliko askari wa kudumu, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walitusukuma hadi tukaingia kinamasini. Usiku ule niliitafuna ile punje yangu, kwa kuwa kinywa kilikauka na sikuwa na kitu kingine. Mwenzangu wa Nachingwea niliyekuwa nikilala naye blanketi moja hakuamka nami kesho yake. Baada ya hapo ningemwandikia nini msichana? Na hata ningeandika, unakumbuka barabara yetu ya kusini ilivyokuwa wakati wa masika, kabla ya daraja la Rufiji. Basi mimi sikuandika miezi michache. Kutoandika si sawa na kuficha kilichoandikwa.

Mke niliyemwoa baadaye, Mungu amrehemu, hakunikosea kitu, na wanangu wakisoma haya wasidhani nilimwona mama yao kuwa mbadala. Ninachokuomba ni kwamba umwache binti yule aamue mwenyewe. Kijana wake anampigia simu kila wiki. Hakuna kikapu cha kuizuia sauti yake.

Nitakuja Lindi Jumapili na basi la asubuhi, nitakuletea samaki wa Msimbati unaowapenda. Zile karatasi tatu ninazo hapa Mtwara na hazijakunjuliwa. Mwenyewe sasa ni bibi wa watu, na kumpelekea itakuwa kumvunjia heshima. Ila karatasi yako ya Januari sikumbuki nilikuandikia nini. Kama bado ipo, nitafutie.