Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Juzuu Mbili za Milnes

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini, nami sitamwingilia. Itoshe kusema kwamba ada zenu karibu zote zimeishia kwenye ununuzi mmoja: wasifu wa mshairi Mwingereza John Keats ulioandikwa na Richard Monckton Milnes, juzuu mbili, uliotolewa London na Edward Moxon mwaka 1848.

Baadhi yenu mliuliza kwa nini tusiweke akiba tupate mashairi yenyewe, katika matoleo yake ya kwanza. Keats alitoa vitabu vitatu tu kabla ya kufariki Roma Februari 1821, akiwa na miaka 25: kimoja mwaka 1817, Endymion mwaka 1818, na kile cha Lamia mwaka 1820. Cha kwanza kilikosa wanunuzi hata waliokitoa wakajuta. Leo nakala yake iliyobaki na jalada la karatasi la awali hugombewa na matajiri. Kwa ada zetu hizi, labda wajukuu wetu ndio wangeipata.

Milnes mwenyewe hakuwahi kuonana na Keats. Makaratasi ya Keats alikabidhiwa na Charles Brown, rafiki wa mshairi, aliyekuwa akihamia New Zealand mwaka 1841. Barua alizozitoa humo ni hazina, ila Fanny Brawne, mchumba wa Keats, hakumtaja kwa jina. Barua za Keats kwa binti huyo zilitoka mwaka 1878, mhariri akiwa Harry Buxton Forman, na kelele zikawa nyingi. Kamati inapendekeza kitabu hicho cha barua ndicho kiwe ununuzi wa mwaka ujao. Bila hicho, Milnes ni kesi iliyosikilizwa upande mmoja.

Sasa kosa, na ni langu. Nilinunua kwa kutazama picha za simu. Juzuu zilipofika, sura ya Keats iliyopaswa kuwa mwanzoni mwa juzuu ya kwanza ilikuwa imekatwa kwa wembe; pengine iko kwenye fremu ukutani kwa mtu. Muuzaji alirudisha sehemu ya fedha baada ya barua nne. Kuanzia sasa hatulipi kabla kurasa na picha hazijahesabiwa. Wala jalada la ngozi nyekundu lisituzuzue: mara nyingi fundi aliyelivika alikwisha kuzipunguza kingo za kurasa. Afadhali kitambaa cha awali, hata kikiwa kimechakaa.

Juzuu ziko kwa katibu. Anayetaka kuzisoma anawe mikono, na chai aiache sebuleni.