Wauza vitambaa, andikeni mnatuuzia nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye maduka ya vitambaa, maana lawama zao tunazibeba sisi mafundi.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani hapa Tanga, mwaka wa 22 sasa. Kabla ya Idi iliyopita mteja wangu wa siku nyingi aliniletea kitenge yadi 6. Dukani ameambiwa, "Kotoni tupu hii, mama." Nikakata gauni, nikashona. Wakati wa kulaza mishono nikaweka pasi kwenye moto wa pamba, kama siku zote. Pasi ikang'ang'ania. Kuinyanyua, imekuja na ngozi ya kitambaa, na pale kifuani imebaki alama ya pasi nzima inang'aa kama ndoo ya plastiki.

"Umeniunguzia, fundi." Mbele ya wateja wengine wawili.

Nikachukua kipande kilichobaki, nikachomoa nyuzi chache, nikawasha kiberiti. Pamba ikiungua hunuka kama karatasi, na majivu yake ukiyafikicha yanapotea vidoleni. Nyuzi zile zilijikunja, zikayeyuka, zikaacha punje nyeusi ngumu kama mbegu ya papai. Kumbe ni polista, nyuzi za kiwandani za jamii ya plastiki. Akaona kwa macho yake. Hata hivyo kitambaa kingine nilinunua mimi, shilingi 28,000, kwa sababu sikukuu ilibaki siku 3 na mwenye duka alishasema mali iliyokatwa hairudishwi.

Sisemi polista haifai. Sketi ya shule yenye malinda ukiishona kwa pamba tupu, mzazi atashinda na pasi kila asubuhi. Ya polista malinda yakishakazwa kwa moto yanakaa. Tetroni nayo, ule mchanganyiko wa polista na pamba, kwa shati la shule siigombi, hukauka upesi. Lakini umvalishe mtoto wa darasa la 1 shati la polista tupu, Februari ya Tanga hii, jasho litakwenda wapi? Watoto wanarudi nyumbani vipele shingoni.

Na kwa fundi, kujua ni kitambaa gani ndiyo kazi yenyewe. Pamba hurudi ikifuliwa, kwa hiyo nailoweka usiku kucha na kuianika kabla sijaikata. Polista siiloweki, ila moto wa pasi naushusha na sindano nabadilisha, naweka namba 11. Nikidanganywa mwanzo, gauni zima limeharibika kabla sijatia uzi.

Marehemu bibi yangu wa Pangani hakusoma, lakini hukumuuzia kaniki ukaiita kitu kingine. Alikuwa na bafta yake, melimeli yake, na merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa iliyokuja Zanzibar karne ya 19 na meli za wafanyabiashara wa Salem, huko Marekani, ikabaki na jina la kwao. Ukitaja merikani, muuzaji na mnunuzi wote wanaona kitambaa kimoja. Siku hizi "kotoni" limekuwa neno la kumpendeza mteja tu. Maandishi ya pindoni msiyategemee. Yale ya kitenge kilichoniumbua yalikuwa mazuri kupita kiasi.

Kila jora dukani lina kikaratasi cha bei. Ongezeni neno moja hapo: pamba, polista, au mchanganyiko. Na wanaosimamia viwango wapite madukani na kiberiti, dakika moja inatosha.

Yule mteja wangu alikuja tena juzi na kitambaa kipya. Kabla sijachukua futi, akanionyesha pembe moja yenye weusi kidogo. Alikuwa ameshachoma nyuzi mwenyewe, palepale dukani, muuzaji akimfokea.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga