Kanuni za kubandikwa mlangoni hatusaini

Mhariri,

Mimi ni mbanguaji korosho hapa Mtwara, na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi tawini. Mwajiri ametubandikia mlangoni "Kanuni za Mwenendo" bila kukiita chama hata kwenye kikao kimoja. Mchelewaji aonywe, sawa. Lakini korosho ikivunjika, ujira unakatwa papo hapo! Mafuta ya ganda yanatubabua vidole, glavu zenyewe zimetoboka, nani asivunje? Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataka mfanyakazi aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira. Akina mama wanaambiwa wasaini au wabaki nyumbani. Meneja aje mezani, la sivyo tukutane Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mbanguaji,
Mtwara