Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tabora: watoto wanaotumia dawa ya umakini wapimwe hapa hapa

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Manispaa ya Tabora, na ni mama wa kijana anayetumia methilfenideti, dawa ya tatizo la umakini na utulivu ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin. Aliianza akiwa darasa la tatu, sasa yuko kidato cha kwanza. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninachoomba hakimhusu yeye peke yake. Naomba watoto wa mkoa huu wanaotumia dawa hii kwa miaka wapangiwe siku yao ya kliniki hapa Tabora. Wapimwe urefu, uzito, presha na mapigo ya moyo kila baada ya miezi 6, na kila mwaka daktari akae na mzazi waamue kama dawa iendelee, ipunguzwe au isimame.

Niseme mapema kwamba siipingi dawa hii. Kabla hajaianza, madaftari ya mwanangu yalijaa sentensi zilizokatika katikati. Ananakili maneno matatu ubaoni, penseli inaanguka, anaifuata chini ya dawati, akiinuka kasahau alikuwa anaandika nini na mwalimu keshafuta ubao. Viboko alivipata vya kutosha. Wapo waliosema ni utukutu, wapo waliosema ana kitu, akanyweshwe kombe. Dozi ilipokaa sawa, aliandika tarehe, kichwa cha somo na zoezi lote mpaka nukta ya mwisho. Mimi ninayesahihisha madaftari ya watoto kila siku ya Mungu najua nukta ile ilikuwa na maana gani kwake.

Faida hiyo mzazi anaiona kwa macho, maana kidonge cha kawaida kinaanza kazi ndani ya saa moja na nguvu yake inakwisha baada ya saa nne hivi. Kinachotutia hofu ni yale yanayojijenga polepole. Dawa hii inakata hamu ya kula, inaweza kuchelewesha usingizi, inapandisha kidogo presha na mapigo ya moyo, na inaweza kupunguza kasi ya mtoto kukua. Mwanangu chakula cha mchana anakigusa tu. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ninayomfungia yanarudi nyumbani kama yalivyoondoka, halafu usiku, wenzake wakiwa wamelala, ndipo njaa inamshika. Nimejifunza kumlisha vizuri kabla ya kidonge cha asubuhi na kumwekea chakula cha usiku. Lakini je, inatosha? Anakua kama inavyotakiwa?

Jibu la swali hilo lingekuwa kwenye kadi ya kliniki. Kadi yake bado ninayo. Mstari wa uzito unapanda vizuri mwezi hadi mwezi, kisha unaishia alipofikisha miaka mitano, kama ilivyo kwa kila mtoto wa nchi hii. Tangu hapo nimekuwa nikimpima urefu kwa futi ya fundi cherehani na kuandika kwenye daftari. Presha siwezi kuipima mwenyewe. Katika kituo kimoja walimfunga mkanda wa mtu mzima, ukauzunguka mkono wake mwembamba karibu mara mbili. Wewe unajua kuliko mimi kwamba mkanda mkubwa kuliko mkono husoma presha chini ya ilivyo. Muuguzi alinihudumia kwa upole na akaniambia ukweli, kwamba mkanda wa watoto hawana. Nikarudi nyumbani na namba isiyo na maana.

Daktari, mwaka 1999 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada kwa watoto 579 wenye tatizo hili la umakini na utulivu, ambalo hospitalini mnaliita ADHD. Waligawanywa katika makundi na kufuatiliwa kwa miezi 14. Waliopewa dawa chini ya uangalizi wa karibu waliendelea vizuri kuliko wale walioachwa watibiwe kwa utaratibu wa kawaida wa mitaani kwao. Na hapa ndipo pananigusa zaidi: wengi wa hao wa utaratibu wa kawaida nao walikuwa wanatumia dawa za aina hiyo hiyo. Kundi lililofanya vizuri lilikuwa na dozi iliyopangwa kwa makini, daktari aliyemwona mtoto kila mwezi, na taarifa kutoka kwa mwalimu wake. Uangalizi ule ulipokwisha na kila familia kushika njia yake, ilipofika mwaka wa 3 tofauti baina ya makundi ilikuwa imetoweka. Watoto hao walifuatiliwa hadi utu uzima, na waliotumia dawa kwa miaka, mfululizo au kwa vipindi, walikuwa wafupi kwa sentimita 2 na kitu kuliko wenzao ambao karibu hawakuitumia.

Sentimita 2 kwa mtoto aliyeweza kusoma na kumaliza shule pengine ni bei ninayoweza kuikubali. Ila nataka niikubali nikiwa najua, huku daktari ananionyesha mstari.

Kuhusu moyo, utafiti wa Uswidi uliochapishwa miaka ya karibuni ulionyesha kwamba kila mwaka wa kutumia dawa hizi uliambatana na ongezeko la asilimia 4 hivi la uwezekano wa kupata maradhi ya moyo na mishipa, hasa presha, na ongezeko hilo lilionekana zaidi katika miaka 3 ya mwanzo. Utafiti mwingine wa huko huko, wa mwaka 2024, ulikuta vifo ni vichache zaidi kwa wagonjwa walioanza dawa kuliko wasioanza. Yote mawili nayachukua kwa uzito. Hakuna hata moja linalonipa ruhusa ya kumpa mtoto vidonge miaka nenda miaka rudi bila kumpima. Uingereza mwongozo wao wa mwaka 2018 unataka urefu na presha kila miezi 6, uzito kila miezi 3 kwa watoto wa miaka 10 na chini, na mapitio ya mtaalamu walau mara moja kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2019 na tena 2021, lilikataa kuiingiza dawa hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu, likisema ushahidi wa faida na madhara bado una mapungufu. Kwa hiyo sisi ambao watoto wetu tayari wako kwenye dawa tunahitaji uangalizi kuliko mtu yeyote.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Mizani ipo. Ubao wa kupimia urefu upo kliniki ya watoto. Inunuliwe mikanda ya presha ya saizi ya watoto, ichaguliwe siku moja ya mwezi, na apatikane tabibu mmoja anayewasiliana na bingwa aliyeandika dawa, ili mzazi wa Urambo au Sikonge asilazimike kufunga safari ya mkoa mwingine kwa jambo la dakika kumi. Kuna wazazi wanaokata vidonge nusu ili visiishe haraka, bila kujua kwamba vingine vimetengenezwa vitoe dawa taratibu na havifai kukatwa, kusagwa wala kutafunwa. Mtu wa kuwaambia hayo hawana.

Na shule tuhusishwe. Dawa hii iko chini ya udhibiti wa kimataifa tangu mkataba wa mwaka 1971, tena inatamaniwa na wanafunzi wakati wa mitihani. Mtoto wa bweni asitembee nayo mfukoni. Ifungiwe, itolewe na matroni, na mwalimu wa darasa ajaze karatasi fupi kwa daktari kila muhula. Mimi niko tayari kuiandaa karatasi hiyo pamoja na walimu wenzangu.

Nakala ya barua hii nitaileta ofisini kwako pamoja na daftari la vipimo vya mwanangu. Naomba nipate jibu kabla shule hazijafungwa mwezi wa sita. Daktari wake amesema likizo ndiyo nafasi nzuri ya kumwangalia akiwa bila dawa, tuone kama bado anaihitaji, na siku hizo nataka awepo mtu hapa Tabora wa kumpima kabla na baada.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu na mzazi,
Tabora