Shangazi, TSH kuwa juu hakumaanishi dawa imezidi

Shangazi yangu wa Makete,

Shikamoo. Juzi kwenye simu uliniambia umeacha vidonge vya tezi kwa sababu karatasi ya majibu imeandika TSH iko juu, na jirani akakueleza kwamba homoni zimekujaa mwilini, ukiongeza nyingine unajimaliza. Umeniruhusu nikujibu hadharani, maana akina mama wenye karatasi kama hiyo mkobani wapo wengi, huko Ukinga, Rungwe na hapa Mbeya mjini.

Jirani amesoma sawasawa: kweli iko juu. Ila homoni iliyopimwa, hiyo TSH, haitoki kwenye tezi ya shingoni.

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo. Kwa mtu mzima ina gramu 20 hivi, basi. Humo hutengenezwa homoni mbili, T4 na T3. Namba hizo ni hesabu ya atomu za madini joto zilizomo ndani yake, nne kwa moja na tatu kwa nyingine. Zikiingia kwenye damu ndizo zinazoamua mwili uunguze chakula kwa kasi gani, moyo upige vipi, utumbo usukume au ulale, na ngozi ipate joto kiasi gani. Lakini tezi hii haifanyi kazi bila amri. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, pituitari, ambayo haifiki hata gramu moja, na TSH ni amri yake. Ni kama msimamizi wa shamba la chai: wachumaji wakilegea, sauti yake inapanda, kikapu kikijaa, ananyamaza. Kwa hiyo TSH yako kuwa juu maana yake pituitari inaita T4 na haiipati ya kutosha. Kidonge ulichopewa, levothairoksini, ni T4 yenyewe. Ukikimeza ipasavyo, TSH hushuka.

Sasa nielewe ninapokasirika wakikuita mvivu. Kusikia baridi kuliko wenzako hata jua likiwaka, kulala usiamke na nguvu, choo kigumu, ngozi kukauka, mwili kunenepa na wala huli sana, sauti kukwaruza, hedhi kuwa nzito: hayo yote yanaweza kutoka kwenye T4 iliyopungua. Na wewe umelima viazi miaka yote hiyo kwenye ule mteremko! Si uvivu, na hakuna aliyekuroga.

Ulisema pia ulipoacha dawa, wiki ya kwanza hukuona tofauti yoyote, ukaamini hukuihitaji. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Adrenalini, homoni ya hofu, ikimwagika unasikia moyo ukidunda papo hapo. Insulini ya kongosho hufanya kazi kwa dakika na saa. T4 ni ya taratibu mno: baada ya siku saba hivi, nusu yake bado iko kwenye damu. Ulikuwa unaishi kwa akiba. Ndiyo maana pia ukirudia dawa, TSH hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane, wala si keshokutwa.

Kidonge kimezwe asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji, kisha usubiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vikae mbali nacho kwa saa nne, vinginevyo vinakizuia kuingia mwilini.

Kuhusu chumvi yenye madini joto: haiwezi kuchukua nafasi ya dawa yako, lakini mkweo mjamzito anaihitaji sana. Milima yetu imeoshwa na mvua kwa karne nyingi na udongo umebaki na madini joto kidogo. Wazee wanakumbuka rovu, ule uvimbe wa tezi shingoni, lilivyoenea, na vidonge vya mafuta yenye madini joto vilivyogawiwa miaka ya 1980. Mama mjamzito anahitaji maikrogramu 250 kwa siku, wakati mtu mzima mwingine 150 zinamtosha. Mtoto tumboni, miezi ya mwanzo, hana T4 yake; hutegemea ya mama, na ubongo wake unajengwa wakati huohuo. Anunue chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, aihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua na moshi wa jikoni, na aitie chakula kikikaribia kuiva. Ile ya mawe ya kupimiwa mnadani mwachie ng'ombe.

Wewe usianze kumeza viwili viwili kufidia siku zilizopita, moyo unaweza kwenda mbio. Nenda kituo cha afya wiki hii na karatasi yako, mweleze daktari tarehe uliyoacha, akupangie dozi. Wakikuandikia rufaa ya kuja Mbeya, nipigie. Nitakuwa stendi kukupokea.

Mwanao