Kwenu mliomrekodi yule kijana wodini

Wanangu wauguzi,

Juzi nilikuwa soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, nanunua dagaa. Binti aliyekuwa ananipimia akasita, akaninyooshea simu: "Bibi, hebu mwone huyu chizi." Nikatazama. Kijana yuko uchi katikati ya vitanda, anahubiri, na anayerekodi anacheka mpaka picha inatikisika. Pembeni nikaona sare. Sare hiyo nimeivaa miaka 31. Dagaa niliwaacha palepale.

Hospitali siitaji. Mnajijua.

Utetezi wenu nimeusikia: eti video iliwekwa kwenye grupu la wafanyakazi tu, ikafutwa baada ya muda mfupi. Muuza dagaa naye ni mfanyakazi mwenzenu? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Na kabla haijatungwa, siri ya mgonjwa ilikuwa siri.

Lakini kilichonikera zaidi ni kauli ya mmoja wenu: "Bibi, hata hajui kama alirekodiwa, alikuwa amechanganyikiwa."

Anajua. Nisikilizeni. Nikiwa bado mgeni kazini, tuliletewa mama mmoja kutoka Ukerewe. Ndugu zake walimvusha ziwa akiwa amefungwa kwa kamba ya nailoni, ile ya nyavu, na mikono imechubuka mpaka nyama inaonekana. Nikawafokea sana. Nikamfungua kamba yao, nikamsafisha vidonda. Usiku akaanza kupiga kelele, wodi imejaa, niko peke yangu. Nikachana shuka, nikamfunga kitandani. Sikuandika saa niliyomfunga wala sababu. Sikumwita daktari. Sikurudi kutazama kama vidole vinavimba, wala kama anataka kwenda haja. Nilimwona alfajiri.

Miaka ikapita. Siku moja nasubiri kivuko cha kwenda Nansio, mama mnadhifu akanisalimia kwa jina. Tukaongea habari za mvua na bei ya mihogo. Kivuko kilipokaribia akasema, taratibu, bila hasira: "Nesi, usiku ule nilikuomba maji." Nilidhani anapiga kelele za ugonjwa. Alikuwa na kiu.

Kwa hiyo msiniambie hajui.

Mengine nayapitia tu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtofautisha aliyekuja kwa hiari na aliyeletwa bila hiari. Someni karatasi zake kabla hamjamfungia mlango. Ridhaa ya kaka yake si ridhaa yake. Kabla ya sindano, mwelezeni, hata kama mnaona haelewi. Dawa msiifiche kwenye uji kwa kuwa ndugu wameomba. Siku atakayogundua, hatakula tena chakula cha mkono wenu. Mapenzi na mgonjwa, hata aliyesharuhusiwa: hapana. Baraza la Uuguzi na Ukunga halikuwapa leseni kwa ajili hiyo.

Najua si ninyi peke yenu. Muuguzi mmoja kuachiwa wodi nzima usiku ni kosa la wakubwa, na kamba huanzia hapo. Nchi hii jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, tumeligeuza tusi la kutaniana kwenye daladala. Kanuni ya Adhabu bado inasema aliyejaribu kujiua ametenda kosa la jinai, basi familia inamleta mtoto wao usiku na kudai alikunywa sumu ya panya kwa bahati mbaya, nanyi mnaandika "bahati mbaya", na chanzo hakitibiwi. Mchungaji anaombea, mganga anachanja, na sisi tunaletewa mgonjwa pesa zikiisha. Yote hayo ni kweli. Lakini wakubwa hawakumshika mtu mkono abonyeze kitufe cha kurekodi.

Aliyerekodi, aende kwa mkuu wa wodi akaseme mwenyewe kabla hajatajwa. Aliyecheka naye aende.

Mama wa yule kijana tunasali jumuiya moja. Hajui kama niliiona ile video. Jumapili alinivuta pembeni, akaniuliza: mtoto ana kliniki Jumatano, sindano yake imefika, ampeleke kwenu au aache tu? Nilimwambia nitampigia. Leo ni Jumatatu, na simu sijaipiga.