Barua kwa somo yangu: kivuli cha nyumba ya Kigamboni

Raskazone, Tanga
21 Septemba

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi baada ya kimya cha muda mrefu. Huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri, kifua kimemtulia tangu kusi lilipoanza kulegea. Hofu ni kwako wewe na wanao, hasa yule mdogo aliyekuwa akijikuna vipele vya joto nilipokuja kwenu mwezi wa pili.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema fundi wa kanopi amekuja, amepima madirisha yote tisa, amekutajia bei ya kanopi tisa zinazofanana, za turubai la bluu, na anataka umtangulizie nusu ya fedha kabla ya Ijumaa. Nakusihi, somo, usimpe hata shilingi kwanza. Si kwamba ni mtu mbaya. Amepima madirisha, lakini jua hakulipima, na wewe unanunua kivuli, hununui turubai.

Nikueleze nilichokiona kwako, ambacho sikukwambia siku ile kwa sababu nyumba ilikuwa mpya na sikutaka kukutia unyonge. Usiku nilipolala chumba cha watoto, saa tatu niliweka kiganja ukutani, pale juu ya mto. Ukuta ulikuwa wa moto kama chungu kilichoepuliwa punde. Jua lilikuwa limezama zaidi ya saa mbili zilizopita! Ukuta ule unatazama magharibi. Tofali la saruji linakunywa jua alasiri nzima, halafu usiku linalirudisha ndani, juu ya watoto waliolala. Vipele vya yule mdogo mimi naviona hapo. Kwa hiyo nyumba yako haina matatizo tisa. Ina tatizo moja kubwa, upande wa magharibi, na mengine madogo ambayo utayamaliza kwa gharama ndogo.

Mimi nililijua hili kwa chaki. Tulipohamia hapa mama alinituma dukani nikanunue pakiti ya chaki za shule, akaniagiza kila Ijumaa nichore mstari sakafuni pale mwanga wa jua unapoishia, saa sita mchana na tena saa kumi jioni, niandike na tarehe pembeni. Nilidhani ni mambo ya wazee. Baada ya miezi michache sakafu ikawa na mistari kama rula, na nikaanza kuisoma. Jikoni, ambako dirisha linaelekea kibla, yaani kaskazini, jua la saa sita mwezi wa sita liliingia mita moja na kidogo. Mwezi wa kumi na mbili halikuingia kabisa, lilikuwa limehamia upande wa kusini. Chumba cha magharibi lakini, saa kumi jioni, liliingia karibu mita tatu, likafika miguuni mwa kitanda, na lilifanya hivyo mwaka mzima, masika na kiangazi, halikujali ni mwezi gani.

Sababu yake ni mahali tulipo. Kigamboni mko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, sisi Tanga nyuzi 5. Jua la utosi linapita juu yenu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya pili ya Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba jua la mchana linakaa upande wa kaskazini wa nyumba, na kati ya Oktoba na Machi linakaa kusini. Lakini pande hizo mbili linakuwa juu, halilali sana. Dirisha lako la jikoni, la kaskazini, lina urefu wa sentimita 120. Ukiliwekea kivuli kinachotokeza sentimita 70, mwezi wa sita saa sita mchana dirisha zima linafunikwa, na hata asubuhi na alasiri sehemu kubwa inabaki kivulini. Upande wa kusini, ambako jua la Desemba linakaribia utosi zaidi, sentimita 40 zinatosha. Ufanye tu kizidi dirisha shibiri moja kila upande, maana jua linapenya pembeni.

Sasa chukua kivuli hichohicho cha sentimita 70 ukipeleke magharibi. Saa kumi jioni kinafunika sentimita 50 za juu tu. Saa kumi na moja kinafunika kama 27, na jua lote lililobaki linaingia chini yake. Ili kulizuia saa hiyo ungehitaji kanopi inayotokeza mita tatu, nani atajenga kitu hicho? Ndiyo maana nasema kanopi tisa zinazofanana ni fedha iliyotupwa. Zile za kusini zitakuwa kubwa kupita haja, na za magharibi zitakuwa pambo.

Magharibi panataka kitu kinachoshuka wima. Sisi tulishona turubai la kitambaa kizito, rangi ya maziwa, juu limefungwa kwenye paipu, chini tumepitisha ubao wa mviringo, na kamba mbili za kuvutia. Saa nane mchana mama analishusha mpaka usawa wa kizingiti cha chini cha dirisha, anafunga kamba kwenye pete mbili tulizochimbia sakafuni mwa baraza. Jua likizama analikunja. Linakaa mbali na ukuta kama hatua moja, hewa inapita katikati, na ukuta wenyewe nao uko kivulini, si kioo peke yake. Kwa watoto wako hilo ndilo jambo la kwanza: ufunike ukuta. Ukikosa turubai, pazia la mianzi linalotundikwa nje litafaa, au hata neti ya kivuli ile ya wenye vitalu vya miche. Inauzwa kwa asilimia ya jua ambalo inazuia, na nyeusi ya 80 inazuia vya kutosha huku upepo ukipita. Haina uzuri wa kuvutia wageni, lakini ni rahisi, na unaweza kuijaribu msimu mmoja kabla ya kutoa fedha nyingi.

Uliuliza kama pazia zito la ndani lingetosha. Halitoshi. Jua likishapita kioo limeshaingia. Pazia linapata joto, na joto hilo linabaki chumbani mwenu. Kivuli kikae nje ya kioo, hapo ndipo kinapofanya kazi.

Kuhusu rangi ya bluu, hapa nitasema kwa uchungu kidogo. Turubai letu la kwanza barazani lilikuwa la bluu. Unajua mama anasuka mikeka, na macho yake si yale ya zamani. Siku ya pili tu nilimkuta ametoka na mafungu yake ya ukindu, amekaa juani pembeni ya turubai, kitambaa cha maji kichwani. Nikamuuliza kulikoni. Akaniinulia vipande viwili, kimoja cha zambarau na kimoja cha kijani, akavipeleka chini ya turubai: vyote vilikuwa vyeusi. Alikuwa amesuka mistari mitatu kwa ukindu wa rangi isiyo yake akalazimika kuifumua. Nilisikia vibaya sana. Kivuli nilichokinunua kwa ajili yake kilikuwa kimemfukuza mahali pake. Turubai jekundu nalo linageuza kila sura na kila chakula kuwa chekundu. Chagua nyeupe iliyofifia, rangi ya maziwa au ya mchanga. Vumbi litaonekana, kweli, utaifua kwa sabuni na brashi laini mara mbili kwa mwaka.

Baada ya lile la bluu nikaingia kwenye polikaboneti, yale mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, yenye matundu marefu ndani, nikitaka mama apate nuru. Fundi niliyempata, sitamtaja, aliyafunga kichwa chini. Upande mmoja wa shiti una kinga ya kuzuia miale ya jua, na karatasi ya juu yake imeandikwa upande upi utazame juu. Yeye aliichana karatasi kabla ya kupandisha, akafunga bila kuangalia. Hata matundu ya ncha hakuyaziba. Mwaka wa pili yalikuwa ya njano kama chai ya maziwa, ndani ya matundu kumeota ukijani, na mvua ya masika ikayapasua. Ukiamua kuyatumia, simama naye mpaka shiti la mwisho, na karatasi isitoke hadi shiti likae mahali pake, mifereji ya ndani ikielekea chini, upande wa mteremko.

Chuma nacho kinataka ukali wako. Kwenu bahari iko karibu kama kwetu, na hewa ya chumvi haina huruma. Kwetu fundi alichomelea, akapaka rangi juu ya masizi ya kuchomelea, akaondoka. Miezi haikupita mingi ukuta mweupe ukawa na michirizi ya kahawia kutoka kila kiungo, mpaka leo ipo, nimeipaka rangi mara mbili na inarudi. Mwambie asage kila kiungo mpaka king'ae, apake redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mbele ya macho yako, ikauke, ndipo rangi ya mafuta mikono miwili. Ukiweza aluminiamu, bora zaidi. Na afunge kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya dirisha, si kwenye tofali. Kusi likishika turubai kwa chini linalinyanyua kama tanga la ngalawa, na bolti iliyo kwenye plasta inatoka na plasta yake.

Kanopi ya turubai ya mbele iwe na mteremko wa kutosha: kila mita moja ya kutokeza ishuke sentimita 25. Chini ya hapo maji ya mvua yanatuama katikati, na ndoo moja ya lita 20 tu ni kilo 20 zinazoning'inia juu ya vichwa vya watoto.

Kwa kaskazini na kusini mimi ningeweka mabati ya kawaida, juu yapakwe rangi nyeupe, yafungwe kwa fremu nyepesi. Acha uwazi wa vidole viwili kati ya bati na ukuta ili joto lipande litoke, lisijikusanye juu ya dirisha. Yatapiga kelele mvua ikinyesha, lakini ni madogo, mtazoea. Makuti ya viungo ni baridi kuliko vyote, nayapenda mno, ila wewe unapikia nje kwa mkaa, na moto na makuti havikai pamoja. Na mbele ya mlango usizibe kabisa ule upepo wa kusini mashariki unaotoka baharini. Ndio utajiri wa kiwanja chako.

Unakumbuka tulipokwenda Unguja na shule, tukasimama mbele ya Beit al-Ajaib? Wenzetu walikuwa wakitazama mnara wa saa, wewe ukasema, mbona hapa chini hakuna joto. Jumba lile la Sultani Barghash la mwaka 1883 lilikuwa na roshani pana zilizolizunguka, ghorofa hadi ghorofa, na jua halikuwa likizifikia kuta za ndani kwa urahisi. Lilipoporomoka upande mmoja Desemba 2020 nilikaa kimya siku nzima. Ulichokiona ukiwa na miaka kumi na minne ndicho ninachokuomba ukifanye leo: kwanza utazame jua linaishia wapi.

Panda na mwarobaini upande wa magharibi, mita tano kutoka msingi, mwaka huuhuu kabla ya vuli kuisha. Utachukua miaka. Wakati unasubiri, tandaza waya kutoka ukutani mpaka nguzo mbili, uoteshe pasheni hapo. Inapanda upesi, na watoto watapata tunda.

Basi kesho tafuta chaki. Anza na chumba cha watoto saa kumi jioni, kisha jikoni saa sita, unitumie picha za mistari pamoja na tarehe. Yule fundi mwambie utampigia baada ya tarehe 15 Oktoba, na kwamba utataka kanopi moja tu ya mbele, rangi ya maziwa, na turubai mbili za kushusha za upande wa magharibi. Akikasirika, wapo wengine.

Nitakuja na basi la asubuhi wiki ya pili ya Oktoba, nikae siku nne. Tutasimika fimbo uani saa sita na dakika kumi, watoto waone fimbo isiyo na kivuli. Mama anamalizia ukingo wa mkeka wao, wa zambarau na kijani. Nitakuja nao.

Nakupenda sana,
Somo yako